Hodi kwenye Mizinga ya Maurefond

Mlangoni pa ofisi ya kijiji cha Maurefond, upande wa kulia, pametundikwa kisanduku chenye kioo, na ndani yake mna karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Eneo la kijiji: hekta elfu moja mia tisa na kumi na nne. Mwinuko, kwenye ngazi ya kanisa: mita mia sita na kumi na mbili. Jina la meya. Idadi ya wakazi. Mistari yote ni ya wino isipokuwa huo wa wakazi, ambao Edmée Rousselot aliuandika kwa penseli kwa zaidi ya miaka hamsini, kwa sababu, alivyozoea kusema, wino ni wa vitu visivyokufa. Chini kabisa, mahali ambapo serikali haikuuliza kitu, aliongeza mstari wake mwenyewe: Mizinga ya nyuki, mia na kumi na saba.

Wakati wa habari hizi wakazi walikuwa thelathini na wanane.

Edmée alizaliwa papo hapo, katika nyumba ya mwisho kabla ya daraja, binti wa mtengeneza barabara. Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa kuwa karani wa ofisi ya kijiji, Jumanne na Ijumaa asubuhi. Aliolewa na Firmin, mkata magogo. Mti ulimwangukia Firmin na kumuua katika mwaka wa kumi na sita wa ndoa yao, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Edmée alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kutembea kwa haraka huku kichwa kimetangulia kidogo, kama mtu apitaye chini ya mlango mfupi. Mimi nilipotumwa na askofu wetu wa nyumbani kwenda ng’ambo kuyahudumia makanisa kumi na moja ya upande ule, yeye ndiye aliyenikabidhi funguo za kanisa, na bakuli la supu ya viazi, na ombi moja: nikisikia kifo, nisimwambie mtu yeyote kabla yake.

“Si umbea, Padre,” alisema. “Wapo wanaotakiwa kusikia kwanza.”

Hao walikuwa nyuki.

Desturi ya Maurefond ni hii. Mwenye mizinga akifariki, huchukuliwa ufunguo wa mlango wa nyumba yake, na kabla kengele ya adhuhuri ya siku hiyohiyo haijalia, mtu aliyepewa kazi hiyo huenda mizingani, akabisha mara tatu kwenye kila mzinga kwa ufunguo huo, akasema: “Enyi wadogo, bwana wenu amekufa. Msiondoke. Bwana wenu sasa ni fulani.” Kisha hufunga utepe wa kitambaa cheusi, hutega sikio, na kungoja. Nyuki wakivuma, wamepokea. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi yake Edmée, na shangazi alipozeeka ikawa yake.

Alichelewa mara moja tu maishani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, theluji ilikuwa nyingi, na mzee wa nyumba ya Bourgoin alifariki alfajiri. Edmée akasema moyoni, nitakwenda kesho. Kesho yake alibisha kwenye mizinga tisa, na yote tisa ilikuwa mitupu. Asali ilikuwamo, nta ilikuwamo, nyuki hapana, wala mzoga mmoja juu ya theluji. Kabla mwaka haujatimia, mrithi wa nyumba ile naye alizikwa. Tangu siku hiyo Edmée hakuchelewa tena, na ninaamini kilichompata baadaye kilitoka katika haraka hiyo.

Mimi nililelewa na wamisionari, nikafundishwa kutenga imani na ushirikina, na jambo hilo nilimwambia Edmée mara moja. Alinitazama kwa upole.

“Wewe unabariki maji, Padre. Mimi nabisha hodi. Kila mtu na kazi yake.”

Sikulirudia tena.

Mwenye mizinga niliyemzoea kuliko wote alikuwa Anselme Thouvenot wa La Charmée, kapera, mdogo kwa Edmée kwa miaka mitatu, mtu wa maneno ya kuchekesha yasemwayo kwa uso mkavu. Alikuwa na mizinga kumi na minne chini ya ukuta wa bustani. Katika mwaka wangu wa kwanza alinifungulia mmoja na kunionyesha kitu sakafuni mwake, kikubwa kama kidole gumba, kinachong’aa kahawia kama kiatu kilichopakwa rangi. Alikuwa panya. Mkia ulikuwapo, masharubu yalikuwapo, vyote vimefunikwa kwa gundi ile ambayo nyuki huikusanya kwenye machipukizi ya miti ya mtoni.

“Aliingia kuiba,” Anselme alisema. “Kumuua waliweza, kumtoa nje hawana nguvu. Basi wamemfunika. Hanuki wala haozi. Ana miaka mitatu humu, Padre. Amekutangulia kuhamia Maurefond, mwamkie.”

Nilimwamkia panya, na Anselme aliisimulia habari hiyo kwa miaka saba.

Katika mwaka wa saba huo, Jumanne moja ya Aprili, Anselme alianguka kutoka kwenye mti wa cheri aliokuwa akiupogoa. Alichukuliwa na gari la wagonjwa hadi mjini akiwa hana fahamu. Ufunguo wake alipewa Edmée, ili awalishe kuku. Ijumaa, saa nne asubuhi, simu ya ofisi ililia. Sauti ya mwanamke, yenye adabu na uchovu, ilieleza kwamba Bwana Thouvenot alikuwa amefariki saa kumi na moja alfajiri, na kuuliza kama kijiji kina anwani ya ndugu zake. Edmée alitoa anwani ya mpwa wa Anselme, Lucien, aliyekaa mbali, katika mji wa bandari. Kisha alitazama saa ya ukutani. Zilibaki saa mbili kasoro kabla ya adhuhuri, na La Charmée ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu yake.

Mtu mwingine angepiga simu kuuliza tena. Edmée alichukua ufunguo.

Alibisha kwenye mizinga yote kumi na minne. Alisema: bwana wenu Anselme amekufa, bwana wenu sasa ni Lucien. Alifunga tepe nyeusi kumi na nne. Yote ikavuma. Alirudi, akapiga kengele ya msiba, mara tatu tatu tatu kama inavyopigiwa mwanamume, akafungua kioo cha kisanduku, akafuta nane, akaandika saba.

Saa nane mchana simu ililia tena. Palikuwa na Thouvenot wawili katika wodi ile, mmoja wetu, mwingine wa kijiji kisichotuhusu, na majalada yao yalikuwa yamepishana. Bwana Thouvenot wa Maurefond alikuwa amefumbua macho na kuomba jibini.

Watu walicheka. Gari la mkate lilipofika uwanjani siku iliyofuata, Maryvonne, mwenye gari hilo, alikuwa na wimbo mmoja tu.

“Edmée amemzika mtu na mtu anadai jibini. Nani mwingine afutwe? Meya, wewe umepumua leo?”

“Nimepumua,” alisema meya, Raymond Lhuillier, “lakini sijamjulisha karani.”

Edmée alicheka pamoja nao. Jioni ile ya Ijumaa alikuwa amekwisha rudi La Charmée kuzifungua tepe zote, na kwenye karatasi alikuwa amefuta saba na kuandika nane. Penseli yake ilikuwa ngumu, na mkono wake mzito. Chini ya ile nane, mwenye kutazama kwa upande aliiona saba.

Anselme alirudi baada ya siku kumi na mbili, mwembamba, fimbo mkononi. Alikwenda moja kwa moja mizingani. Nyuki hawakumshambulia, hawakumzunguka, hawakugeuka hata aliposimama mbele ya mlango wao na kuwazuia jua. Alivua glavu akaingiza mkono mtupu ndani ya mzinga. Alinieleza baadaye kwamba alifurahi kwa muda wa dakika moja. Kisha wakaja juu ya mkono, wengi, taratibu, bila hasira. Alipoutoa, vifundo vya vidole vilikuwa na madoa ya kahawia, yenye kung’aa.

Alidhani ni bahati mbaya. Lakini kila alipokaa bustanini walimfuata, wawili, watatu, wakatua na kufanya kazi, wakaondoka na kurudi. Alisugua kwa spiriti, madoa yakatoka. Kesho yake yakawa mengi zaidi. Wiki ya tatu alifika kwenye gari la mkate akiwa na nyusi moja iliyoganda kama ya sanamu.

“Anselme, umekwenda kupakwa vanishi?” Maryvonne aliuliza.

“Wananitengeneza niwe kabati. Nipe mkate wangu.”

Maryvonne aliinamia kreti ambamo mikate ilipangwa kwa majina. Alitafuta. Uso wake ukabadilika.

“Sijakuwekea.”

“Juzi pia.”

“Juzi pia. Sijui, Anselme. Napanga nyumba kwa nyumba, na mkono unapita.”

Hakuna aliyecheka. Ninaandika hili kwa aibu: Jumapili ya Pentekoste, Anselme alikuwa amepiga magoti wa tatu kutoka kushoto, na mimi nilimpa komunyo wa pili, kisha nikampa wa nne. Nilikuwa nimekwisha funga tabernakulo, kile kisanduku cha ekaristi, ndipo nilipoikumbuka midomo yake iliyofumbuliwa. Sikuwa nimemkwepa. Sikuwa nimemwona.

Mwisho wa Mei hakuwa tena na njaa. Mikono yake ilikuwa ya baridi hata juani. Daktari alimpima moyo, mapafu na damu, akaviona vyote ni vya mtu mzima wa afya, akamwandikia vidonge vya kuongeza hamu ya kula. Anselme aliwapa kuku vidonge hivyo.

Edmée alikuja kwangu siku ya Jumatano, akakataa kiti.

“Wanamzika, Padre. Uliona panya. Yeye ni mkubwa, hawawezi kumtoa nje, basi wanamfunika. Nami ndiye niliyewaambia.”

“Waambie basi kwamba ulikosea.”

“Nilikwenda jana. Nilibisha kwenye mzinga wa kwanza, nikasema, nilikosea, yuko hai. Wakanyamaza.” Aliivuta shali yake. “Hujawahi kuusikia mzinga ukinyamaza. Elfu arobaini mle ndani na hapakuwa na bawa lililotikisika. Sikuthubutu kwenda kwenye wa pili. Nilirudi kinyumenyume hadi getini.”

“Hakuna maneno ya kufuta?”

“Habari wanazozijua ni tatu. Kifo, kwa utepe mweusi. Ndoa, kwa mwekundu. Kuzaliwa, kwa mweupe. Shangazi hakunipa ya nne. Nani angedhani itahitajika? Aliyekufa hurudi?”

Mimi ni padre, na swali hilo lina jibu lake kila Pasaka. Lakini yeye alikuwa tayari anafikiri, na midomo yake ilikuwa ikihesabu.

“Ya tatu inabaki,” alisema hatimaye. “Lakini mtoto hutangazwa kwa jina la mama yake. Nao mama yake Anselme wanajua alikufa. Niliwaambia mimi. Nikimtaja tena, nitakuwa nimedanganya mara ya pili, na wataondoka, na atakwenda nao.”

“Basi?”

“Basi atafutwe mama mwingine,” alisema Edmée, akatoka.

Ijumaa hiyo aliifunga ofisi mapema, akaniomba niende naye. Anselme alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni chini ya ukuta wa bustani, kofia magotini. Upande mmoja wa shingo yake ulikuwa unang’aa. Edmée alitoa mfukoni tepe nyeupe alizozichana kutoka kwenye shuka ya harusi yake, akauchukua ufunguo, akabisha mara tatu kwenye mzinga wa kwanza.

“Enyi wadogo. Katika nyumba hii amezaliwa mtoto. Jina lake ni Anselme. Mama yake ni mimi.”

Tulingoja. Niliisikia saa yangu ya mkononi. Nilimwona Edmée amefumba macho, shavu lake karibu na ubao, na nikajua kwamba mwanamke yule hakuwa akidanganya, wala hakuwa akisema kweli tuliyoizoea. Alikuwa akitaka, kwa nguvu zake zote, neno lake liwe. Ndipo mzinga ukavuma, chini sana, kama mtu agunaye usingizini.

Alikwenda kwenye wa pili. Alipomaliza wa kumi na nne, Anselme alikohoa.

“Basi, mama, ninyonye?”

“Funga mdomo. Watoto wachanga hawasemi.”

Lakini asubuhi iliyofuata nyuki watatu walitua tena shingoni mwake, na wakafanya kazi.

Nilipomletea Edmée habari hiyo alikuwa akivaa koti la kwenda dukani. Alilivua, akalitundika msumarini.

“Mjinga mimi,” alisema. “Nimewaambia nimezaa, kisha wamenipita barabarani natembea kwa haraka kama askari. Mzazi gani hutembea barabarani siku ya pili? Watakuwa wamesema, yule bibi ana kichaa. Mama yangu, alipotuzaa sisi, hakuvuka kizingiti siku arobaini, hadi padre alipompokea mlangoni pa kanisa. Na mimi sitavuka.”

Kwetu sisi neno arobaini halihitaji maelezo. Huko lilikuwa limesahauliwa kwa miaka mingi, na lilipotangazwa kwenye gari la mkate, meya alishika kiuno.

“Niwaandikie wakubwa nini? Kwamba karani wangu wa miaka sabini na minne yuko likizo ya uzazi?”

“Andika amejifungua salama,” alisema Maryvonne, “mtoto wa kiume, kilo sitini na tano.”

Walicheka, lakini jioni Maryvonne alisimamisha gari mbele ya nyumba ya daraja na kuingiza sufuria ya mchuzi wa kuku kwa dirisha, kama anavyopelekewa mwanamke aliyejifungua. Siku iliyofuata mwingine alileta maziwa. Ofisi ilibaki imefungwa. Anselme alikuja kila alasiri, akaketi kwenye benchi chini ya dirisha, naye Edmée alimuuliza amekula nini, na alipojibu uongo alimgombeza, akampa mkate uliochovywa kwenye maziwa, na yeye akala, kwa sababu alikuwa akitazamwa. Wiki ya pili aliacha kufanya mzaha kwa neno mama. Alilisema tu.

Hata hivyo nyuki hawakuacha. Siku ya thelathini na moja Anselme hakuja. Nilimkuta kitandani La Charmée, dirisha wazi, nyuki wakiingia na kutoka kama watu wenye kazi ya kumaliza. Walikuwa wamefika kwenye kope. Alipumua, lakini ilinibidi nishike kioo puani mwake ili nijue.

Nilirudi mbio kwa Edmée. Alikuja hadi mlangoni. Vidole vya viatu vyake viligusa jiwe la kizingiti, na hapo akasimama, akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

“Twende,” nilisema. “Anakufa.”

“Nikivuka jiwe hili, nimesema uongo. Akifa leo, nimemuua mara moja. Nikivuka, nimemuua mara mbili.” Aligeuka ndani, akarudi na chupa iliyofungwa kwa taulo. “Ni maziwa, ya moto, yana asali yake mwenyewe. Kijiko kwa kijiko, Padre. Usimlaze chali. Mshike kichwa, hivi, kwenye kiwiko. Na umwambie yanatoka kwangu.”

Nilifanya hivyo. Mimi, meya na Maryvonne tulipokezana kwa siku tisa, mtu akinywesha na mwingine akifukuza nyuki kwa tawi. Hakuna aliyekumbuka tena kufanya utani. Meya, aliyekuwa haingii kanisani ila kwa mazishi, alijifunza kukishika kichwa cha mtu kwenye kiwiko, na alikishika vizuri.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumatano ya katikati ya Julai. Nilikuwa nimekitafuta kitabu cha zamani sandukuni mwa sakristia, chenye sala ya kumpokea mwanamke baada ya kujifungua, na kabla ya kukifungua nilikuwa nimejiuliza sana kama nina haki ya kuisema. Edmée alikuwa amekwisha simama nje ya mlango wa kanisa, peke yake, amevaa nguo yake nyeusi, mshumaa umewaka mkononi, mwali wake hauonekani juani. Nyuma yake, uwanjani, kijiji kizima kilisimama. Nilisoma. Aliishika ncha ya stola, kile kitambaa cha shingoni mwangu, kama kitabu kinavyoagiza, nami nikamwongoza ndani hadi altareni. Mkono wake niliuhisi kupitia kitambaa, mzito kuliko ulivyostahili kuwa.

Alipotoka hakuzungumza na mtu. Alichukua njia ya La Charmée, kichwa kimetangulia, na sisi sote nyuma yake.

Anselme tulimtoa na kumketisha kwenye kile kiti cha jikoni. Kope zilikuwa zimeshikana. Edmée alisimama nyuma yake, mikono mabegani mwake, na hakubisha, wala hakusema neno kwa mizinga. Nyuki mmoja alikuja, akauzunguka uso wa Anselme, akaenda. Akaja mwingine. Kisha mizinga yote kumi na minne ilibadili sauti kwa pamoja, ikapanda juu, ile sauti nyembamba ya nyuki walioona mgeni mlangoni pao, na mmoja akatoka kama jiwe lililotupwa.

Anselme alishtuka. Mdomo wake wa chini ulianza kuvimba.

“Ameniuma,” alisema polepole. Akanyanyua mkono wake mwenyewe, akaubana ule mdomo, na machozi yakaanza kupenya kwenye gundi ya kope. “Mama. Ameniuma.”

“Nimeona,” alisema Edmée. “Tumrudishe ndani kabla hawajamfurahia wote.”

Maryvonne alikuwa analia bila kujificha. “Anselme,” alisema, “mkate wako uko garini. Tangu asubuhi. Niliuweka wa kwanza.”

Ile gundi ilibanduka yenyewe katika muda wa wiki mbili, kama ganda la kidonda kilichopona. Aliishi kama watu waishivyo, akaumwa na nyuki wake majira yote, akalalamika. Edmée alirudi ofisini Jumanne na Ijumaa. Ile karatasi aliichana akaiandika upya, yote, ili ile saba isiwepo hata kwa mwenye kutazama kwa upande. Anselme aliendelea kumwita mama, mbele za watu, na wageni walistaajabu kidogo kuwaona wazee wawili wanaolingana wakiitana hivyo. Sisi hatukustaajabu.

Edmée alifariki mwezi wa Oktoba, miaka tisa baadaye, usingizini, mwenye miaka themanini na mitatu. Alikuwa na mizinga sita ya Firmin nyuma ya nyumba. Hakuwa amemfundisha mtu kazi yake. Nadhani baada ya yale hakutaka kumwachia mtu mzigo ule. Anselme, wa miaka themanini, aliuchukua ufunguo wa nyumba ya daraja na kwenda na fimbo yake kabla ya adhuhuri. Nilikwenda naye. Hakusema maneno ya desturi. Alibisha, akasema, “Mama yangu amekufa,” akasimama hapo na kusahau kumtaja bwana mpya, nami sikumkumbusha. Yote sita ilivuma. Akili zake hazikuwa pale. Aliuweka ufunguo juu ya paa la mzinga wa mwisho ili apate mkono wa kujifuta uso, na tukaondoka bila huo ufunguo. Tuliutafuta siku ya mazishi, hatukuuona. Fundi aliuvunja mlango.

Machi, joto liliporudi, Anselme aliifungua mizinga ile sita kuikagua. Aliniita kwa simu, akaniomba nije na nisilete mtu. Mfuniko wa mzinga wa mwisho ulikuwa umeegeshwa ukutani. Chini kabisa, sakafuni, mahali kama pale alipolala yule panya mwizi, ulilala ufunguo wa nyumba ya daraja, mrefu kama kiganja cha mwanamume, wa chuma cha kizamani. Ulikuwa umefunikwa wote, meno na pete, kwa gundi laini ya kahawia, bila pengo lolote.

“Niliuweka juu, Padre. Uliniona.”

“Nilikuona.”

“Na mfuniko sijaufungua tangu Septemba.” Aliingiza kidole chake kidogo kwenye mlango wa mzinga, na kidole kikakwama kwenye kiungo cha kwanza; pete ya ufunguo isingepita hapo.

Aliutoa ufunguo kwa mikono miwili, nao nyuki hawakumzuia. Sasa unaning’inia ofisini, msumarini, kando ya kile kisanduku cha kioo ambamo meya mpya huandika idadi ya wakazi kwa penseli. Hakuna aliyeuchokonoa. Hauna harufu wala haushiki kutu.